Akiba

Meza tisa za pingipongi tumeziunganisha
ghorofani kwa Ng'wandu, juu ya duka la nondo, Kirumba.
Mto ni kanga kuukuu ya buluu, jina limelazwa chini
ili maji yasiseme kitu.
Vilima ni mawe halisi, tumeyabeba kutoka Bwiru:
mtu wa Mwanza ataigizaje jiwe?

Askari wangu ni elfu moja na mia mbili.
Niliokota chubwi za nyavu zilizochoka, pale mwaloni,
nikaziyeyusha katika sufuria ambayo mke wangu
hajaisamehe mpaka leo,
nikamimina, nikapoza,
nikapaka koti la buluu na mikanda myeupe ya kupishana.
Zamani zilivuta wavu chini, gizani, kwa sangara.
Leo zimesimama wima zikingoja neno langu.
Ni risasi tupu hizi,
na hazijawahi kumpata mtu.

"Jemadari," wananiita, Jumapili hii moja.
Kesho nitapima minofu kiwandani
na kofia yangu itakuwa ya wavu, kama ya wote.

Kanuni yetu: jemadari hasemi.
Anaandika amri kwenye kikaratasi, anampa tarishi,
na tarishi ni Malongo, kitinda mimba wa Ng'wandu,
anayetumia zamu mbili kuizunguka meza,
tatu akikutana na karanga.

Saa nne niliandika: *Ndaki, shika kilima, usishuke.*
Saa tano Ndaki akashuka.
"Ile 'si' ilikuwa imelowa soda," alijitetea,
"mimi nikasoma 'ushuke'."
Silabi moja.
Wapanda farasi mia mbili na arobaini
waliteremka wamependeza kama msafara wa harusi
mbele ya mizinga ya Nyamizi.

Nyamizi ni mfamasia, Bugando. Hapigi kelele.
Anarusha dadu kama anayehesabu vidonge:
sita, tano, sita.
Kila mzinga uliolia anaubandika pamba, ndio moshi wake,
pamba ya shamba la mjomba, Magu, ina mbegu bado.
Kufika adhuhuri sikuuona tena ubavu wangu wa kushoto.
Niliona mavuno.

Lakini nilikuwa na akiba.
Nyuma ya kijiji cha viberiti, batalioni moja ya walinzi,
thelathini na sita, kofia ndefu za manyoya,
kila kifungo nimekitia rangi kwa kijiti cha meno
usiku, baada ya shifti;
isipokuwa mmoja, safu ya pili, wa tatu kutoka kulia.
Huyo alipakwa na Kabula, binti yangu, wiki ile ya homa:
buti za njano,
na mdomo unaocheka hadi masikioni.

"Wapeleke," Ndaki alininong'oneza zamu ya saba.
Bado, nikasema.
"Daraja liko wazi, wapeleke!" Zamu ya tisa.
Nikasema, akiba haiozi.

Umeme ukakatika. Tukawasha tochi za simu,
na usubi wa ziwani ukaufuata mwanga dirishani,
ukawaangukia wote, makoti ya buluu na makoti meupe,
bila kuuliza bendera.
Nyamizi akainama,
akaupuliza taratibu kutoka darajani
kisha akavuka.
"Haiozi," alisema, akinyoosha tepu, "ila hupitwa."

Tuliwapanga kwenye trei za mayai,
waliokufa na waliopona, bega kwa bega;
hakuna aliyekumbuka nani alikuwa nani.
Ndaki alikunja mto, akaanza kusoma jina la kanga,
akanyamaza.
Kwa ajili ya walinzi wangu
sikurusha hata dadu moja.

Nyumbani Kabula alikuwa macho.
"Wa kwangu alifanya nini?"
"Alisimama."
"Siku nzima?"
"Siku nzima."
Akamgeuza mkononi, akazikagua buti za njano
kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Kisha akatafuta kizibo cha soda,
akakiweka nyuma yake,
apate kukaa.