Chaneli ya Tatu

Flashi nimeitoa kichwani mwa kamera.
Nimempa Ntakwinja aiinue juu ya fimbo ya mwanzi,
hatua saba kushoto kwa bibi-arusi,
katika bustani ya ziwani, Nguba,
ambako Jumamosi moja hupita harusi tisa
na nyasi hazipati muda wa kusimama tena.
Nimeivisha kopo la mtindi, jeupe, lililooshwa mara tatu.
Bado linanukia.

Mwanga wa usoni ni mwanga wa askari:
unasawazisha pua na shavu, hauulizi jina.
Lakini ukitokea ubavuni
unapanda taratibu kwenye taya,
unakuta kovu dogo la utotoni, unalipa kivuli chake.

Waya hakuna.
Mtoto mmoja aliutafuta majanini, akaukosa,
akapita katikati yetu akikata hewa kwa kiganja
kama mtu avunjaye utando wa buibui.
Nikabonyeza. Ikawaka.
Akasimama pale, akikagua kiganja chake.

Baba naye hakuamini.
Fundi viatu wa Kadutu, mtu wa gundi na msumari,
kwake vitu viwili havisikilizani mpaka vishonwe.
"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema,
akakigeuza kifyatuo, kidogo kama kiberiti,
akakinusa.
Nikamweleza: hiki kinasema, kile kinasikia.
Ni redio, ila neno lao ni moja: sasa.
"Na likichelewa?"
Likichelewa, baba, pazia la kamera linafunga njiani,
bibi-arusi anabaki na nusu ya uso,
nusu nyingine ni ukanda mweusi, na pesa nairudisha.
Akacheka hadi akakohoa.
"Basi hiyo ni ndoa," akasema.

Sasa sikia ya Juni ile,
kiangazi kimeingia, vumbi limeshuka mpaka majini.
Flashi ikaanza kuwaka yenyewe.
Mara moja. Mara mbili. Kidole changu kiko hewani.
"Si miye!" Ntakwinja akalia, fimbo ikitetemeka.
Shangazi wa bibi-arusi akapiga ishara ya msalaba,
akatazama juu kwanza, kisha akanitazama mimi.

Nyuma ya mikaratusi kulikuwa na harusi nyingine,
na sauti ya mwanamke: "Weye! Unanikulia betri!"
Nsimire, wa Panzi, kamera shingoni, viatu mkononi.
Chaneli ya tatu, yeye na mimi.
Kila nilipobonyeza niliwasha kwake,
kila alipobonyeza aliwasha kwangu.

Hama wewe. Hama weye.
Chaneli ziko kumi na sita
na hakuna aliyegusa kitufe.
Mabibi-arusi wakihema ndani ya mikanda ya kukodi,
jua likirudi nyuma ya vilima,
tukakubaliana kuhesabu:
moja kwangu, mbili kwako, taa zote mbili ziwake kila mara.

Ndiyo maana katika foto zile,
kwenye shingo ya bibi-arusi wangu,
kuna uzi mwembamba wa mwanga uliotoka harusi ya watu.
Shangazi aliuona alipokuja Nyawera kuchukua albamu.
"Huu wa nyuma ni wa nani?"
Wa jirani, mama.
Akapunguza dola mbili.
Alisema hakulipia mwanga wa wageni.

Nsimire amehamia Uvira, ninavyosikia.
Wengine wanasema hapana, ameacha tu kazi hii, anauza vitenge.
Mimi kitufe sijakigusa.

Na Jumamosi zingine, nikiwa bado napima kivuli,
kamera ikiwa tumboni kwangu, imelala,
flashi inawaka.
Majani yanakuwa meupe, yanarudi.
Inabaki ile filimbi nyembamba ya kujijaza upya.
Nageuka kutazama mikaratusi.

Ntakwinja anasema ni ugonjwa wa vitu vya bei rahisi,
tununue mpya, hii inatumalizia betri bure,
nne ni franka elfu sita.
Namwambia: Jumamosi ijayo.