Mistari Sakafuni

Kabla ya serikali kutuamuru barakoa
mume wangu alikuwa nayo, mwaka wa nne:
uso uliotulia kama sinia iliyosuguliwa,
mzaha unaingia, hautoki,
mkwe adhani amenuna,
wajukuu waniuliza, babu ana hasira?
Hana. Ni ngozi tu imegoma kutoa habari.

Mbwarali, karani wa Kilindini miaka thelathini na moja,
aliyeandika nambari za makontena
kwa mkono mnene hata kuli wa juu ya winchi akazisoma,
sasa aandika *sukari, nusu kilo*
na maneno yaenda yakisinyaa,
hiyo "kilo" ni sisimizi watatu
wakitafuta ukingo wa karatasi.

Ndipo korona ikaingia mjini
na kila mwenye kutetemeka akawa na kesi.
Jirani kachungulia: "Yuwatetemeka, Bi Mishi. Si homa hiyo?"
Nikamjibu, homa ya miaka minne ingekuwa ishamzika.
Hakucheka.
Alifunga dirisha,
na sahani yangu ya mahamri
hadi leo iko kwake.

Mazoezi yakafungwa. Yule kijana wa Makadara
aliyekuwa akimwambia, "Paza sauti, mzee, kama unanadi papa!"
akawa mkwaruzo wa simu inayokatika.
Sauti ya Mbwarali ikashuka, ikashuka,
nikawa nainama kuiokota.

Na vidonge.
Saa yetu ya ukutani ni pambo tu, saa ni vidonge:
cha alfajiri, cha saa nne, cha adhuhuri, cha magharibi.
Kikichelewa, mguu huwa si wake.
Meli alizozihesabu maisha yake yote
sasa zakawia kule nje, na dawa yake tumboni mwao.
Nikakata kidonge kwa wembe,
nusu sasa, nusu baadaye,
na unga uliosalia kwenye kibao
nikamlambisha kidoleni, kama mtoto na asali.

Siku ya kumi na tisa Hasmukh akapiga simu:
imeingia, pakiti mbili, wahini kafyu.

Mlango wa duka ukamshika.
Milango humshika siku zote:
kizingiti humwita mguu, mguu hauitiki.
Nyuma yetu foleni, macho juu ya vitambaa,
mtu akanong'ona, "Mzee mzima, amelewa."
Askari akageuka.
Nikampa mkono. Akaukataa kwa kope.

Alikuwa akitazama chini.
Utepe wa manjano, mstari baada ya mstari,
hadi kaunta: kila mtu asimame pake,
asimsogelee mwenziwe.
Akautazama kama karani aliyepewa daftari jipya.
Akainua mguu, akavuka mmoja.
Wa pili.
Wa tatu aliukanyaga, akatikisa kichwa, akaendelea.

Jioni nikabandika utepe kutoka kitandani hadi chooni.
Ulipoisha nikamalizia kwa chaki.

"Mita moja?" nikamuuliza.
Nikainama. "Hiyo ya wagonjwa," alisema.
"Mimi nipimie hatua."

Alfajiri nilipoamka kutafuta wembe
nilikuta kila mstari una nambari yake ya chaki,
moja hadi kumi na nne.
Ya saba imelala ubavu, ya tisa imefutwa mara mbili.
Ya kumi na nne
niliisoma nikiwa ningali kitandani,
bila miwani.