Matone Matatu ya Fedha

Newala, Oktoba, maabara ya Kidato cha Tano:
ndoo moja ya maji, wanafunzi arobaini.
Mwalimu Somoe Chitanda aliinua neli,
chuma na thiosayaneti,
nyekundu kama bibo lililopitiliza kuiva.

"Msidhani wametulia," alisema.
"Humo ndani wanashikana, wanaachana,
wanashikana tena. Wanaoachana
ni wengi sawa na wanaoshikana,
rangi haibadiliki, nanyi mnaona amani."

Kisha ile chupa ya kahawia inayofungiwa kabatini,
naitreti ya fedha. Matone matatu tu,
akiyahesabu kwa sauti kama karani wa mnada.
La kwanza: ukungu.
La pili: wekundu ukakonda.
La tatu, weupe kama tui ukaanza kushuka,
na juu ikabaki rangi ya chai
iliyoongezwa maji kwa ajili ya wageni.

Likwata akapaza kutoka nyuma:
"Fedha kamnyang'anya chuma mke!"
Darasa likacheka. Nami nikacheka,
nikichelewa kidogo.

Msimu wa juzi tulichuma wanne, akasaini mmoja.
Siku ya pili, pikipiki mpya.
Siku ya tatu, Masasi.
Hakuna aliyegombana na mtu.

"Si usaliti," Mwalimu alisema, asijue anamwambia nani.
"Fedha inakamata kwa nguvu zaidi.
Kila anayechukuliwa anaacha pengo,
na walioshikana wanaachana ili kuliziba."

Jioni ilikuwa zamu yangu kuosha vyombo.
Kidoleni palikuwa na doa jeusi,
halisikii sabuni wala majivu,
jeusi kama vidole vya mama akibangua korosho.
Nikaomba ruhusa nijaribu jambo:
thiosayaneti, tone baada ya tone,
ndani ya neli ileile.
Tone liliwaka, likazimika.
Likawaka, likazimika.
Nikaacha kuhesabu.
Mpaka fedha ikaisha
na wekundu ukakaa.

Baba naye alirudi Februari, pikipiki imeuzwa,
akaomba maji ya kuoga.
Mama alimpimia nusu ndoo,
akarudi kwenye korosho zake.

Niliipeleka neli dirishani.
Juu, nyekundu ileile ya asubuhi.
Chini, ule weupe.
Nikatikisa, nikatikisa tena.
Haukuyeyuka.