Ulimi wa Kiatu

Ulimi hauna mfupa, lakini huu wa ngozi una majina saba,
mengine kwa wino, mengine kwa kalamu ya risasi,
moja limechimbwa kwa ncha ya msumari.
Mimi ni mnoaji wa makali, mjini Verbivka,
nyanda za Saskachewani. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kabla sijawasha jiwe, nauvuta ulimi nausoma.

La kwanza, Petro. Mwaka wa thelathini na sita.
Timu haikuwapo. Palikuwa na dimbwi nyuma ya ghala la ngano
na mavi ya farasi yaliyoganda yakalia kama jiwe:
hayo ndiyo waliyoyafukuza kwa matawi ya mlowe.
Lango, ndoo mbili. Kinga ya ugoko, katalogi ya duka,
kurasa za magauni zimefungwa kwa kamba chini ya goti,
hata mama yake akitaka kuagiza kitambaa
hungoja mechi iishe.
Mwezi Machi jua likiulainisha mpira
mechi iliisha yenyewe
na hakuna aliyejitolea kuuokota.

Maksym, mdogo wake. Kisha jina lililofutika;
baba alisema mwenyewe alikwenda vitani,
hakurudi kuviulizia viatu.

La nne sikuweza kulisoma miaka arobaini.
Ni silabi za Kikri: pembetatu, kulabu, nukta.
Vijana wa hifadhi, ng'ambo ya mto,
walikuja kwa kigari cha kuteleza, wakatufunga tisa kwa mbili.
Kiatu cha mmoja kilipasuka, baba akamwazima hivi.
Wiki iliyofuata vilirudi vimenolewa
kuliko baba alivyowahi kunoa.
Ambrose Wapass. Mjukuu wake ndiye aliyenisomea.
Ligi ya vijana ilipoandikishwa, fomu ilikuwa na mistari minane
na wao hawakupewa hata mmoja.
Fomu ninayo. Sahihi ya baba iko chini, safi, haikutetemeka.

Halafu tukajenga ukumbi.
Wanaume walipigilia mabati, wanawake waliuza vareniki;
kila balbu iligharimu sahani arobaini.
Majira ya kwanza ndani kulikuwa na baridi kuliko nje,
ila upepo ulibaki mlangoni kama mdai.

La tano ni langu, na si langu.
Wasichana hawakuandikishwa. Nikaandika Oles,
nikafumbata nywele ndani ya kofia,
nikacheza mechi kumi na moja.
Ya kumi na mbili gongo lilinitoa jino
nikalia kwa sauti niliyozaliwa nayo.
Refa akapuliza kipenga. Ukumbi mzima ukatazama viatu vyangu.

Dariya, binti yangu, aliandika lake kwa wino mwekundu,
kubwa, wazi, hakumficha mtu.
Wakati huo walikuwa wasichana wanne.
Sasa wana timu yao, na kocha wao, na ugomvi wao wenyewe.

Lakini ghala la ngano limebomolewa,
na miji mitatu inachanga watoto kuunda timu moja.
Akina mama huendesha kilomita tisini gizani,
mtoto amelala nyuma na kofia ya chuma kichwani.
Viatu vipya ni vya plastiki, bei yake ndama.
Wanaoacha hawasemi ni pesa. Husema wamechoka.

La saba halijakauka.
Jomar Dalisay, miaka tisa; mama yake hukesha
akiwageuza wazee vitandani.
Ameleta viatu vya kununuliwa kwa mtu, kutu kisiginoni.
Aliviona hivi ukutani, akauliza vya nani.
Nikampa kalamu.

"Ukikata kona," namwuliza, "unaegemea wapi?"
"Kushoto."
Nageuza kiatu cha kale: ukingo wa kushoto umelika
tangu enzi za dimbwi.
Nawasha jiwe. Cheche zinaruka.
Naanza na kushoto.