Sekunde Tisa

Kamera tuliificha ndani ya chupa ya chai,
ile nyekundu ya Nekoye, yenye kifuniko kilichopasuka.
Siku kumi na mbili alikaa kando ya mizani ya Lukhokho
akiuza chai na mihogo,
chupa tatu, na moja haimiminwi.

Miwa ya mzee Osundwa: shambani tani nne na nusu,
kwenye karatasi, tatu na robo.
Haikuanguka njiani.
Watoto wa Lukhokho wana meno,
lakini si meno ya tani nzima.

Mimi sikuwepo. Mimi ni mtu wa mkasi.
Chumba changu kiko Kondele, juu ya duka la magodoro,
kompyuta inanguruma kama kinu cha posho,
saa thelathini na moja za picha
nizibane ziwe dakika arobaini.

Nilimjua Makomere, karani wa mizani,
pengine kuliko mama yake:
kidole anachokilamba kabla ya kufunua ukurasa,
anavyobonyeza pini ya chuma kwa ncha ya kiatu,
taratibu, kama mtu anayezima sigara.
Hapo nikaikuza picha. Kiatu kikajaa skrini.

Siku ya tisa, saa kumi jioni, trekta limeshaondoka,
Makomere anamwita Osundwa kando,
anamtia noti mkononi,
anainamisha macho.
Sekunde tisa.
Nilizitazama mpaka chai yangu ikapoa.
Nikasema, zitawachanganya watu.
Nikakata.

Tuliionyesha uwanjani mwa shule,
shuka mbili zimeshonwa pamoja, jenereta la kuazima kanisani.
Waliozoea kusema mkulima ni mvivu,
anauza mbolea, anakunywa mbegu,
walinyamaza kwanza.
Kiatu kilipotokea, uwanja mzima ulinguruma,
na shemeji yangu, aliyeapa miaka yote kwamba kiwanda hakikosei,
alipiga kelele kuliko wenye miwa.

Wiki nzima redio haikuwa na neno jingine.
Mizani ikafungwa kwa utepe.
Osundwa akalipwa, si zote.
Meneja, ambaye kiatu chake hakikuingia kwenye picha,
akahamishiwa Nairobi, kwenye zulia jipya.
Nyumba ya Makomere ikavunjwa madirisha,
na bintiye akaitwa Pini
hadi akaacha kwenda shule.

Nekoye alinipigia simu.
"Ile noti aliyorudisha, mbona sikuiona?"
Nikamwambia muda haukutosha.
"Chupa yangu iliiona," akasema, akakata.

Naye alijua kukata.

Ningeulizwa leo, ningefanya vile vile, nadhani.
Mizani ile haikustahili kubaki wazi hata siku moja zaidi.
Ila sekunde ninazo bado,
kwenye diski niliyoiandika MABAKI,
na juzi usiku, umeme uliporudi, nikazicheza.
Noti ilikuwa ya mia mbili.
Osundwa aliikunja mara nne,
akainama,
akaitia ndani ya soksi.