Nukta ya Kumi na Nane

Saa nne usiku, theluji ya Daugavpils ikipapasa vioo,
napita Wodi ya Tatu kama mwizi anayeacha badala ya kuchukua.
Mkononi nina kikopo cha mafuta yasiyo rangi wala harufu.
Natia nukta: kwenye kitasa cha msalani,
kwenye kitufe cha kumwitia muuguzi,
kwenye nguzo ya dripu, kwenye rimoti ya televisheni,
chini ya reli ya kitanda, pale vidole vinaposhika bila kufikiri.
Kumi na saba. Naandika daftarini.
Njiani namfunika bega binti wa kitanda cha saba,
shuka limemteleza. Kisha naenda zangu.

Kitanda hicho kilikuwa cha mzee Alfonss.
Alikuja na goti, goti tu, lililochoshwa na ngazi,
na mfuko wa matufaha aliyogawa hadi kwa walinzi.
Goti jipya likakubali. Mshono ukakataa.
Siku ya tisa ukaanza kutoa usaha,
na kabla theluji ya kwanza haijaanguka tulikuwa tumemkata mguu
juu ya goti lile lile tulilomtengenezea.
Tulikaa kikao. Kila mtu alikuwa amenawa.
Kila mtu alikuwa na hakika.
Kidudu hakina miguu, alisema daktari Raitis.
Nikajibu: ndiyo, kwa hiyo hubebwa.
Hakuna aliyecheka.

Saa tisa huingia Dzidra na toroli lake,
gurudumu moja linalia kama panya.
Kitambaa cha bluu cha vitanda, chekundu cha vyoo,
havijawahi kusalimiana.
Anafuta kutoka juu kwenda chini, kutoka safi kwenda chafu,
na dawa anaiacha ikauke yenyewe, dakika zake kamili,
amesimama, ameshika kiuno, anaichunga
kama achungaye maziwa jikoni yasije yakafurika.
Miaka ishirini na miwili.
Madaktari humwita "yule wa ndoo."

Alfajiri nazima taa, nawasha tochi ya zambarau.
Nukta iliyosahauliwa huwaka kijani,
jicho la paka kichakani.
Kitasa: giza. Kitufe: giza.
Nguzo, rimoti, reli: giza, giza, giza.
Nakiri, nilitaka kupata kosa.
Nilipiga magoti mvunguni nikilitafuta.
Kumi na saba, zote hazipo.

Ndipo tochi ikapita juu ya mkono wangu.
Pete inawaka.
Pete ya Gunārs, miaka kumi na mmoja tangu tumzike,
pete niliyowakataza wauguzi wote kuvaa ya kwao
nikajipa ruhusa mwenyewe, kimya kimya, kwa cheo na kwa ujane.
Kalamu inawaka. Jalada la daftari linawaka.
Na kwenye shuka la kitanda cha saba,
juu ya bega la binti aliyelala,
vidole vinne vya kijani, vyangu,
wazi kama saini.

Wahenga walimsema nyani na kundule.
Hawakusema anajisikiaje
siku anapopewa tochi.

Sinkini pete ikagoma kwenye kifundo.
Nikavuta. Nikavuta tena. Nikamwaza Alfonss:
je, nilimsalimia, je, nilimgusa bandeji, na kwa mkono upi?
Hakuna daftari la hilo.
Dzidra akatua ndoo, akanipaka sabuni hadi kiganjani,
akashika kidole changu kama cha mtoto.
"Legeza," akasema. "Umekunja ngumi."

Ripoti ya Jumanne:
nukta kumi na saba, zimefutwa kumi na saba.
Ya kumi na nane, mkaguzi.
Chini nikaandika jina lake kamili, Dzidra Ozoliņa,
ili siku moja mtu alisome kwa sauti.

Pale pete ilipokuwa pana ukanda mweupe,
laini, usiojua baridi.
Maji yakifika hapo
bado nashtuka.