Dakika Tatu Mbele ya Bodi

Naitwa Arvo Hietala, mfagiaji wa shule,
tangu siku zile king'ora cha mgodi wa shaba
kilipokuwa bado kinauamsha mji huu.
Mmenipa dakika tatu. Saa nimeiona,
hiyo yenye tarakimu nyekundu. Mimi ndiye niliyeipachika ukutani,
basi msidhani itanitisha.

Sikuja na takwimu. Bi Kowalczyk wa hesabu amezisoma,
nanyi mmeandika, mmeshukuru, mmekunywa maji.
Mimi najua mabomba.

Bomba halikuoneshi lolote usiku linapoganda.
Barafu hujishindilia humo kimya, ndani kwa ndani,
na asubuhi ukilipita utasema ni zima.
Ni siku ya jua, theluji ikidondoka paani
na watu wakiambiana afadhali,
ndipo maji yanapotoka ukutani.

Januari ya mwaka juzi nilimkuta mtoto nyuma ya boila.
Jina lake silitaji. Darasa la tisa.
Koti kalivua, kalikunja vizuri mno,
kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.
Hakuwa akilia. Heri angelia.
Nikamwambia, hapo pana moto, utaungua,
maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo,
nikapanda ngazi mbili mbili, na goti langu hili,
hadi chumba mia moja na kumi na nne.

Ilikuwa Jumanne. Sikieni hapo:
ilikuwa Jumanne.
Jumatatu Bi Raasch yuko ng'ambo ya msitu,
Jumatano kule ziwani, na siku zilizobaki
yuko barabarani, nyuma ya gari la kusukuma theluji.
Mtoto hakuangalia ratiba.

Akashuka. Akaketi juu ya saruji na sketi yake ya mikutano,
akanyamaza muda ambao mimi ningeshapiga deki ukumbi mzima.
Kisha akauliza, "Huu mshale unapima nini?"
Mtoto akautazama. "Presha," akasema.
Akasema tena, polepole, kama anayeonja neno:
"Presha."
Nikatoka. Mengine si yangu kuyasikia.

Boila hiyo, waheshimiwa, hukaguliwa mara mbili kwa mwaka.
Mkaguzi huja na tochi, na muhuri, na ukali wake;
pasipo sahihi yake hatuwashi.
Sijamsikia mtu akisimama hapa kuuliza
kama kweli tunamudu kumlipa.
Watoto mia sita na arobaini wana Jumanne,
na sasa mnataka kuichukua Jumanne.

Mnasema walimu watasaidia. Mwalimu ana watoto thelathini na mmoja
na mkate anaoula amesimama.
Mnasema ipo namba ya simu. Ipo, niliibandika mwenyewe
kwenye milango ya vyoo. Karatasi nzuri, ina rangi.
Lakini karatasi haishuki ngazi.

Mfukoni nina agizo la kazi, limetiwa sahihi juzi,
kabla hamjapiga kura. Nalisoma:
Chumba 114. Ondoa kochi. Ingiza viti vya akiba.
Kochi lile nalijua. La kijani, lina tundu mkono wa kushoto
ambalo vidole vya watoto vimelichimba mwaka baada ya mwaka
hadi sponji ikachungulia. Nilikuja na sindano nilishone,
Bi Raasch akanizuia. Liache, alisema,
linafanya kazi.

Naona tarakimu zimeanza kupepesa.
Mtoto yule bado hupita koridoni. Hanisalimii kama wengine;
huniuliza mshale uko wapi leo,
nami humjibu kweli.

Kochi siliondoi. Mgongo unaniuma wiki hii,
na wiki ijayo, nahisi,
utaniuma zaidi.